Adui ana upana gani? Maneno kuhusu nyimbo zetu za vita

(Hotuba hii niliitoa Bukoba mbele ya wanakwaya, walimu wa muziki na wazee kadhaa waliokuwa jeshini mwaka 1979. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeondoa salamu ndefu, na yale niliyoropoka tulipokuwa tunasubiri umeme urudi.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nawapa kazi kabla sijafanya yangu. Mimi naanzisha, ninyi mnamalizia. "Idi Amini akifa..."

Haya, asanteni, inatosha! Ukumbi mzima. Na wengi wenu mmezaliwa Amin akiwa amekwisha kufukuzwa Uganda, wengine akiwa amekwisha kuzikwa Jeddah mwaka 2003. Wimbo huu hakuna aliyeununua dukani. Mtunzi wake hajulikani, wala haukuhitaji gitaa. Hata hivyo, mwamshe saa nane za usiku Mtanzania aliyekimbia mchakamchaka shuleni, mwimbie mstari wa kwanza, atakupa wa nne kabla hajauliza wewe ni nani: mimi siwezi kulia, nitamtupa Kagera, awe chakula cha mamba.

Nimeombwa niseme nyimbo za vita zinakuwaje nzuri na zinakuwaje mbaya. Jibu la haraka tunalo vijiweni: mzuri ni ule wa upande wetu. Wasomi nao wana lao la haraka: wimbo wowote wa vita ni mbaya, tuimbe amani. Majibu yote mawili yananichosha, kwa sababu mtu anaweza kuyatoa bila kuusikiliza wimbo wenyewe. Kwa hiyo leo tusikilize, na tuanze na huu wa mamba, maana ni wa kwetu na mto wenyewe uko hapo.

Hesabuni mizani kwa vidole. I-di-A-mi-ni-a-ki-fa: nane. Mi-mi-si-we-zi-ku-li-a: nane. Ni-ta-m-tu-pa-Ka-ge-ra: nane. A-we-cha-ku-la-cha-ma-mba: nane. Mistari minne, mizani nane kila mmoja, na yote inaishia kwa irabu moja. Hiyo ni mizani ya utenzi. Mizani hiyohiyo mafundi wa Pwani waliitumia kusimulia vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, na vya Majimaji. Sidhani kama kuruta aliyeubuni huu aliketi akahesabu. Aliyekua anasikia Kiswahili kikiimbwa, sikio lake lilimhesabia.

Halafu kuna miguu. Wimbo wa mchakamchaka si wa kukaa na kusikiliza. Ni wa watu wanaohema. Mwimbishaji anatupa mstari, kundi linadaka, na mstari lazima uishe kabla pumzi haijaisha. Ukiweka neno refu, mbio zinavurugika. Ukiweka fikra nzito, mtu anajikwaa. Kwa kazi yake, basi, wimbo huu umetimia. Mwanamuziki anayeudharau kwa kuwa ni wa kitoto ajaribu kutunga mwingine utakaokimbiwa na watoto kwa miaka ishirini, bila redio na bila mtu kulipwa.

Lakini umetimia kwa nini hasa? Hapo ndipo lilipo neno nililokuja nalo. Wimbo wa vita una adui ndani yake, na mimi swali langu la kwanza kwa kila wimbo wa namna hiyo ni moja: adui huyo ana upana gani? Ni mtu mmoja? Ni serikali? Ni kabila zima, pamoja na mama anayeuza nyanya sokoni na mtoto aliye mgongoni mwake?

Wazee mnakumbuka, na mnirekebishe nikikosea. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yanavuka mpaka. Watu wa Misenyi wanakimbia na walichoweza kubeba. Nyumba zinaporwa, ng'ombe wanaswagwa kuelekea kaskazini, kiwanda cha sukari kinabomolewa, watu wanauawa na wengine wanachukuliwa. Siku chache baadaye daraja la Kyaka linalipuliwa, na Amin anatangaza kwamba nchi yote mpaka mtoni ni yake. Kama kuna watu duniani waliokuwa na sababu ya kutunga wimbo wa kuwachukia Waganda wote, walikuwa ni watu wa mkoa huu, uliokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi.

Mwalimu Nyerere anazungumza tarehe 2 Novemba. Maneno yake mnayajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Anayepigwa humo ni mtu mmoja. Bendi za mashirika na za majeshi zikaingia studio za Radio Tanzania, nazo zikafuata njia hiyohiyo: nduli, nduli, nduli. Wapiga mchakamchaka wakafuata pia. Anayetupwa mtoni ni Idi Amini. Hakutajwa Mganda, Mkakwa wala Mnubi.

Msidhani hilo lilikuwa jambo dogo. Jeshi letu lilipovuka kwenda kaskazini, Waganda waliokuwa uhamishoni walikwenda nalo wakiwa na bunduki zao. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, watu walimiminika barabarani kuwashangilia wanajeshi wa nchi jirani. Sisemi wimbo ndio uliofanya hivyo. Vita watu hushinda au hushindwa kwa mizinga, mafuta ya magari na viatu. Ila wimbo uliacha mlango wazi. Leo hii Mganda anaweza kukaa meza moja nasi, akausikia wimbo wa mamba, akacheka, pengine akaitikia. Ndugu yangu mmoja wa Masaka hudai mamba wa Kagera wangeugua tumbo.

Nimeusifu vya kutosha, sasa niupige. Nyoka na mamba ni zana rahisi za mtunzi wa vita. Adui akishakuwa mnyama, au chakula cha mnyama, mtunzi amejipunguzia kazi: hahitaji tena kueleza huyu mtu alifanya nini. Watoto wa miaka ya tisini waliimba kumtupa mtu mtoni bila kujua alivunja daraja gani. Tukawafundisha hasira bila kuwafundisha habari. Na "mimi siwezi kulia" ni mstari mkali, lakini ni wa mtu aliye mbali. Wa hapa walilia. Kule Kaboya, Muleba, wamelazwa vijana wetu kwa mamia, na wengi wa waliokufa hawakufa kwa risasi. Zilikuwepo ajali na maradhi, mambo ambayo hayaimbiki kirahisi. Baada ya ushindi tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, na ile miezi 18 ikazidi kurefuka. Ni wimbo gani wa vita vya Kagera unaomtaja mwanamke aliyepanga foleni ya unga huku mumewe yuko Arua? Nyimbo za sifa zilikuwa nyingi, na nyingine zina magitaa matamu ajabu. Ukizisikiliza zote mfululizo unatoka umejua tulishinda, na hujajua nani alilipa.

Hilo ndilo swali langu la pili: mlipaji yumo?

Kwa swali hili nawarudisha nyuma zaidi, kwenye KEYA, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu. Wimbo wao wa kupigia hatua, wazee wanaujua: tufunge safari, funga safari, amri ya nani? Amri ya Bwana Kapteni, amri ya KEYA. Basi. Ndio wimbo wenyewe. Humo hamna adui hata mmoja, wala ushindi, wala mfalme aliyetajwa kwa sifa. Kuna safari, na kuna swali linaloulizwa na kujibiwa, linaulizwa tena na kujibiwa tena, maili baada ya maili: nani ametutuma huku?

Maofisa waliupenda. Waliuona ni wimbo wa utii, na hawakukosea. Mimi nasikia pia kitu kingine. Nasikia mtu anayeweka wazi kwamba jambo hili halikuanzia kwake. Anakwenda, ndiyo, mzigo uko begani, lakini kila anapovuta pumzi anamtaja mwenye amri. Ikitokea siku mtu akauliza nani aliwajibika, jibu limekwisha kuimbwa. Na kumbukeni safari hizo zilikuwaje. Katika vita vya 1914 hadi 1918 huku Afrika Mashariki, wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa ni zaidi ya 40,000 kwa hesabu rasmi, na wako wanahistoria wanaoifikisha hesabu hiyo karibu na 100,000. Njaa, kuhara, malaria. Kariakoo ya Dar es Salaam imerithi jina la kikosi chao. Kwenye mnara wa Nairobi kumeandikwa kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watakumbuka jina lako. Ahadi nzuri. Majina yenyewe ya wapagazi hawakuyachonga.

Kwa hiyo wimbo huo wa KEYA, mfupi, usio na pambo, uliopigwa kwa buti, unamtaja mwenye amri na unamweka mlipaji katikati ya njia. Nyimbo nyingi za studio hazijafika hapo.

Na kuna jambo linalonifanya nicheke peke yangu. Idi Amin aliingia KEYA mwaka 1946, akaanzia jikoni. Kiswahili chake ni cha jeshini. Huo wimbo wa safari ulikuwa wimbo wake pia. Na jeshi la Tanganyika lilitokana na batalioni ya KEYA, kama la Uganda lilivyotokana na nyingine. Mwaka 1978 waliokutana ng'ambo hizi mbili za Mto Kagera walikuwa wajukuu wa gwaride moja, wanaotukanana kwa lugha moja. Mtunzi mwenye kiu angepata humo wimbo mkubwa. Bado haujachelewa, vijana.

Nje ya kwetu nitapita haraka. Wajerumani walikuwa na wimbo, Lili Marleen, wa askari anayemkumbuka msichana chini ya taa ya lango la kambi. Maneno yaliandikwa na Hans Leip mwaka 1915, muziki ukaja 1938, Lale Andersen akaurekodi 1939, na mwaka 1941 redio ya Belgrade, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, ikaanza kuupiga kila usiku. Goebbels, mkuu wa propaganda, hakuupenda. Alikuwa na sababu: kule jangwani Afrika Kaskazini, Waingereza nao walikuwa wanafungulia redio ya adui kuusikiliza, hadi wakatengeneza wa kwao kwa Kiingereza. Bwana yule alijua kazi yake. Wimbo ambao adui wako anaweza kuuimba bila kubadili kitu haufai kwa chuki. Alichokiona yeye ni kasoro, na mimi nakiona ni sifa.

Wagikuyu wa wakati wa Mau Mau walifanya lao. Walichukua sauti za nyimbo za kanisani wakazitilia maneno ya ardhi na kiapo. Mzungu anayepita nje anasikia ibada. Ujanja mzuri sana, na funzo kwa wanaodhani sauti ya wimbo ina dini. Sauti ni gari tu, hupakia chochote.

Na kwa kuwa hupakia chochote, lazima nizungumze habari ya Simon Bikindi. Sijui kama wote mnamfahamu. Alikuwa Mnyarwanda, mtunzi na mwimbaji, mwenye kundi lake la ngoma lililoitwa Irindiro. Alikuwa fundi, na tukimfanya mpiga kelele tutakuwa hatujaelewa kilichotokea. Alichanganya ngoma ya asili na mitindo ya kisasa, alijua mafumbo, alijua historia ya nchi yake na jinsi ya kuipinda. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilipiga nyimbo zake huku watu wakiuawa.

Alishtakiwa Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda, na nyimbo zake tatu zilichambuliwa mbele ya majaji. Ni mara chache duniani ubeti umekaa kizimbani namna hiyo. Hukumu ilitoka tarehe 2 Desemba 2008: miaka 15 jela. Lakini hakufungwa kwa ajili ya nyimbo. Alifungwa kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani, kati ya Kivumu na Kayove, mwezi Juni 1994, akiwahimiza watu kuua. Kuhusu nyimbo, majaji waliona zilipotosha historia na zilichochea chuki dhidi ya Watutsi. Walichoshindwa kukithibitisha bila shaka ni kwamba alizitunga kwa kusudi la kuchochea mauaji ya kimbari, au kwamba yeye ndiye aliyezipeleka hewani mwaka ule.

Wako waliokasirika. Mimi naiona hukumu hiyo ni ya haki, na bado inanitia baridi. Maana yake ni kwamba sheria haiwezi kutufanyia kazi yote. Hakimu anatafuta agizo, na wimbo mbaya kuliko yote hauna agizo. Hausemi "ua". Unasema: sisi, wana wa mkulima, tumeonewa tangu zamani za mababu, na wao ni wajanja, na mliosahau mnatia aibu. Ukiuweka pembeni ya ule wetu wa mamba, wetu ndio wenye maneno ya kikatili zaidi. Una maiti, una mto, una meno. Wa Bikindi una hekima, methali na machozi. Lakini wetu una adui mwenye upana wa mtu mmoja aliyeshika bunduki, akifa yeye wimbo umeisha kazi. Ule mwingine una adui asiyeisha, kwa sababu ametiwa ndani ya damu. Mtoto anazaliwa leo asubuhi, na tayari yumo kwenye wimbo.

Kwa hiyo usinionyeshe ukali wa maneno ukadhani umenionyesha ubaya. Na ufundi haumwokoi mtunzi. Kadiri alivyo fundi ndivyo neno linavyokaa.

Sasa naomba radhi kwa wanakwaya, kwa sababu nageukia nyimbo za amani. Kila uchaguzi ukikaribia, Kenya na hapa kwetu, wasanii wanakusanywa studio moja, kila mmoja anapewa mstari mmoja, wanavaa fulana nyeupe, wanaimba amani, amani, tupendane. Nyingi ya nyimbo hizo ni mbaya kama nyimbo, na ubaya wake unafanana na wa zile za sifa: hamna mtu ndani. Nani alimpiga nani? Nani alichoma nyumba ya nani, na nani alimlipa? Amani inaimbwa kana kwamba ni hali ya hewa. Mlipaji hayumo, mwenye amri hayumo, na adui, kwa kuogopa kumtaja, wamemfuta kabisa. Mimi nasikia humo uoga uliopakwa sukari.

Ulinganishe na Bob Marley. Mwaka 1976 alichukua sehemu ya hotuba ambayo Haile Selassie aliitoa Umoja wa Mataifa Oktoba 1963 akaifanya wimbo, "War", yaani vita. Kwenye karatasi ni wazo baya kabisa, kuimba hotuba ya mfalme! (Nawaombeni msinifanyie hivyo na hii yangu.) Lakini ukisikiliza, unaona kwa nini inasimama. Hasemi tupendane. Anataja masharti: mpaka hili liishe, mpaka lile liondolewe, vita vitaendelea. Adui humo ni fikra, ile ya kwamba kuna watu bora na watu duni, na ni tawala zilizotajwa kwa majina ya nchi zao: Angola, Msumbiji, Afrika Kusini. Ndiyo maana wimbo wenye jina la vita umefanya kazi ya amani kuliko fulana nyeupe zote.

Namalizia kwa la leo, kwa sababu kuna vijana hapa mnaotunga kwa simu. Mashariki ya Kongo kunawaka, na wanaolia huko wanalia kwa Kiswahili. Goma ilitwaliwa Januari 2025. Zinanifikia klipu, na ninyi zinawafikia: mdundo mzuri, kijana anachana, picha za magari ya kijeshi zinapita. Nyingine ni kazi safi. Zinataja mtaa, zinataja maji yaliyokatika, zinataja nani alichukua mashine ya kusagia. Nyingine zinaanza vizuri, halafu ubeti wa pili unatoka kwenye kikundi chenye silaha unaingia kwenye watu wenye pua fulani na jina la namna fulani. Hapo adui amepanuka. Ubeti huo usiusambaze, hata kama sebene limekupandisha mwili mzima. Ukiweza, mwandikie mtunzi. Wengi wao ni watoto wa miaka kumi na tisa waliokipenda kina kikawapeleka.

Na wazee, nina ombi. Kanda za Radio Tanzania zipo, japo si zote ziko katika hali nzuri. Lakini nyimbo mlizoimba nyuma ya malori kutoka Mutukula hadi Masaka hazikurekodiwa na mtu. Najua zipo, kwa sababu kila ninapoziulizia mnatazamana na kucheka. Nataka na zile za kumsema afande, za kuulizia posho, za mke aliyeandika barua mara moja tu akanyamaza. Nitakuwa pale mlangoni na daftari mpaka wafunge ukumbi. Za matusi pia naandika. Nitawapa ukurasa wa nyuma, msije mkanificha kwa ajili ya watawa waliokaa mbele.

Asanteni sana.